Pua ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja kutibiwa meno, akasema atakaa wiki mbili. Mwezi wa tatu ulipoingia meno yalikuwa yamepona zamani, anatafuna karanga kama msichana, lakini mle ndani hamkuwa na mtu mwenye ubavu wa kumuuliza ataondoka lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu alijitwalia jembe mwenyewe: akapanga upya vyombo vya jikoni, akahamisha chumvi, akalishusha pazia la sebuleni akisema linanuka vumbi la mwaka juzi.

Na akisema kitu kinanuka, basi kinanuka. Pua ya mama huyu ilikuwa habari nyingine. Akiwa amekaa sebuleni alijua kwamba maziwa yaliyoko jikoni hayatafika kesho. Mwanawe, ambaye alikuwa seremala, aliambiwa akiwa bado mlangoni kuwa leo ameranda msonobari, jana alikuwa kwenye mninga, na hapo katikati amepitia kwa kinyozi. Mjukuu wake wa kike wa miaka saba alikoma kabisa kudai kwamba ameshapiga mswaki.

Aliyeumia zaidi ni mkamwana wake. Mke huyu wa seremala alifanya kazi kwenye mtambo wa maji wa mji, pale penye bwawa, na kazi yake ilikuwa kuchunguza mwani. Si ule mwani mrefu wa baharini ambao kila mtu anaujua, bali ndugu zake wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoelea kwenye maji matamu, wanaong'ang'ania mawe mpaka yakateleza, wanaoligeuza bwawa kuwa la kijani mtu akiwapa nafasi. Alijua majina yao, tabia zao, na saa wanazopenda kuamka.

Wenzake kazini walimwita Mama Utando. Jina lilianza kama dhihaka. Mafundi wa pampu walimwona kila asubuhi akikwangua utando wa kijani kwenye ukuta wa bwawa kwa kijiko na kuutia chupani taratibu kama mtu anayepima dhahabu, wakaona mwanamke mzima, na shahada zake mbili, amekosa cha kufanya. Yeye akalipokea jina, akaliandika kwenye karatasi na kulibandika mlangoni pake. Dhihaka ikaishiwa nguvu, jina likabaki. Chumba chenyewe kilikuwa cha mwisho kabisa, kati ya stoo na choo, chenye dirisha moja, hadubini moja, na rafu ya chupa arobaini zilizobeba kila aina ya kijani ambayo Mungu aliiumba.

Mwezi ule chumba kilikuwa hatarini. Mhandisi mkuu wa mtambo, mtu mpole lakini mtu wa vyuma na saruji, alimwandikia barua ya adabu kwamba stoo imejaa, mabomba mapya yako njiani, na chumba cha mwani kitahitajika ifikapo mwisho wa mwezi. Hadubini itatafutiwa pembe kwenye meza ya karani wa mapokezi. Chupa hazikutajwa.

Kwa hofu hiyo Mama Utando akaanza kuhamishia nyumbani chupa anazozithamini zaidi, moja moja, akizificha nyuma kabisa ya friji, kule mtungi wa maji ulikozikinga zisionekane. Alisahau kwamba ndani ya nyumba ile macho hayakuwa na kazi kubwa. Siku ya pili yake mama mkwe alifungua friji, akasimama, akavuta pumzi mara moja, akaingiza mkono moja kwa moja mpaka nyuma na kuitoa chupa. Aliifungua, akaikunjia uso, akaimwaga kwenye sinki. Kisha, kwa kuwa alikuwa mama msafi, akaisugua kwa majivu na kuipindua ikauke.

Jioni Mama Utando aliikuta inang'aa. Mwani ule alikuwa ameulea wiki sita.

"Juisi yako ilikuwa imeoza," mama mkwe alimwambia. "Nimekuokolea mtoto."

Mama Utando alitoka uani akaanza kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka. Kwa siku mbili baada ya hapo maneno kati yao yalikuwa shikamoo na marahaba, basi, na seremala akawa anapita katikati yao kwa ncha za vidole kama mtu anayevuka sakafu iliyopakwa vanishi.

Siku ya tatu alinunua aiskrimu. Hakuwa mtu wa hotuba, na alijua mama yake haikatai aiskrimu hata akiwa na homa. Wakakaa wote wanne barazani, kila mtu na kikombe chake, na kwa kuwa kimya cha kulamba ni kimya cha amani, mama mkwe akaona autumie wakati huo kuuliza, bila ubaya wowote, hivi mtu anasomaje miaka yote ile kwa ajili ya utelezi.

Mama Utando alimeza tonge lake kwanza. Halafu akamweleza, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba aiskrimu anayokula ni laini na haijatengana maji kwa sababu watengenezaji wametia unga wa mwani. Dawa ya meno aliyotumia asubuhi imeshikana kwa unga huohuo. Samaki wa jana alikula mdudu, mdudu yule alikula mwani, na bila mwani hakuna samaki wala mchuzi wake. Na hewa: wataalamu wamepima, wakakuta karibu nusu ya hewa safi tunayovuta duniani inatoka kwa hao wadogo wa majini, si kwa miti peke yake. Kila pumzi mbili mama anazovuta, moja ni zawadi ya ule utelezi.

Mama mkwe aliacha kulamba. Alikitazama kikombe, akakinusa, akafikiri. Kisha akachota kijiko kingine.

"Ungeniambia mapema," alisema, "ningeimwaga ile chupa polepole."

Mjukuu ndiye aliyecheka kwanza, na baada yake ikawa haiwezekani tena kununiana.

Amani ilidumu siku nne. Asubuhi ya tano mama mkwe alipelekewa chai, akakileta kikombe puani, akakirudisha mezani.

"Maji haya yana udongo," alisema.

Seremala alionja chake, akasema chai ni chai. Mtoto akaonja, akasema tamu. Mama Utando akaonja yake kwa makini zaidi ya wote, akakosa kuona kitu. Mama mkwe akasogeza kikombe mbali, akasema yeye si mtu wa kubishana na watu wenye mafua, akaomba maziwa matupu. Seremala akamtupia mkewe jicho la pole, lile la kusema ndiyo hivyo, vumilia. Mama Utando akavumilia. Lakini alipokuwa akifunga kamba za viatu moyo ulimchoma, maana chai ile aliipika yeye.

Njiani kuelekea kazini ndipo mawazo yalipogeuka. Alikuwa akijua, kama fundi ajuavyo nyundo zake, kwamba uko mwani wa aina moja, wa kijani kinachoelekea buluu, unaotoa harufu ya udongo ndani ya maji. Hauui mtu wala haumwumizi tumbo. Ila harufu yake ni ya ajabu: ukitia chembe yake ndogo kwenye bwawa la kuogelea, pua ya binadamu itaijua. Na pua hazikuumbwa sawa. Wapo wanaoigundua wiki nzima kabla ya wengine, na chai ya moto ndiyo inayoifukuza itoke mafichoni. Aliiwaza pua ya mama mkwe wake, akacheka peke yake barabarani. Hatua kumi mbele, kicheko kikamkauka.

Siku hiyo hakula mchana. Alichota maji ya bwawa sehemu tatu, akayachuja, akakaa kwenye hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Mwani wa kawaida ulikuwepo tele, ule wa duara, ule wa umbo la mtumbwi, wazuri wote. Saa tisa akaona uzi mmoja mwembamba, wa kijani kilichochanganyika na buluu, unajisukuma taratibu kama sindano inayotafuta kitambaa. Uzi mmoja. Kwa hesabu za vitabu, uzi mmoja si habari.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama mkwe anachambua mchele. Akamsalimu, akavuta kigoda, akakaa karibu yake.

"Mama, ile harufu ya asubuhi. Naomba unieleze tena."

Mama mkwe alimtazama usoni kutafuta mzaha. "Unaniuliza kweli, au unanichokoza?"

"Nauliza kweli."

Ungo ukawekwa chini. Mama mkwe akafumba macho. "Si tope. Tope lina uchachu. Hii ni kama ardhi iliyokauka siku nyingi, halafu matone ya kwanza ya mvua yakaipiga. Ni harufu nzuri, mwanangu. Ila si ya kukaa kwenye chai."

Mama Utando alikuwa na daftari, akaandika neno kwa neno. Mama mkwe aliiona kalamu ikitembea, akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayepigwa picha.

Haikupita wiki, mji mzima ukaanza kunusa. Simu za mtambo zikawa hazipoi. Mwenye hoteli alilalamika kwamba wageni wanarudisha supu. Mama mmoja alileta mtungi mzima mpaka getini, akautua mbele ya mlinzi na kumtaka aunywe. Mhandisi mkuu akakagua pampu, akakagua machujio ya mchanga, akaongeza klorini kidogo, harufu ikabaki palepale na sasa ikawa ya udongo ulioogeshwa. Ikabidi aitishe mkutano, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mama Utando akaitwa mapema na kuwekewa kiti cha mbele.

Mhandisi alikuwa tayari ameamua. Magunia ya mrututu, ile dawa ya buluu ambayo wakulima huinyunyizia mimea, yameagizwa na yatafika Jumatatu. Utamwagwa bwawani, mwani utakufa, kazi imekwisha.

Mama Utando aliomba kusema. Akawaeleza kwamba ile harufu imo ndani ya mwani wenyewe, kama harufu ya kitunguu ilivyo ndani ya kitunguu. Kikiwa kizima kimetulia. Ukikikatakata, nyumba nzima inajua. Mrututu ukimwagwa, kila uzi utapasuka kwa mpigo na kumwaga ulichonacho, na Jumanne watu watakunywa udongo mara kumi ya huu. Halafu utakufa pia mwani mzuri, ule unaolisha samaki na kuwabana hawa wabaya wasipate nafasi. Wakishakufa wazuri, wa kwanza kurudi ni wabaya.

"Kwa hiyo tukae tukinywa udongo?" mhandisi aliuliza, bila ukali.

Alisema hapana. Mnara wa kuchotea maji bwawani una malango matatu, la juu, la kati na la chini, na miaka yote wanatumia la juu kwa kuwa maji yake yanang'aa. Mwani huu hauko kila mahali. Ijulikane uko kina gani, wafungue lango lisilo nao, watie unga wa mkaa kwenye matangi unyonye harufu iliyobaki, kisha watafute shina lake liko wapi na kuling'oa. Mhandisi alikubali kwamba hiyo ni akili, ila akakumbusha kwamba hawana mashine ya kupima harufu. Sampuli hupelekwa maabara kuu, na majibu huchukua wiki tatu.

Mama Utando alisafisha koo.

"Kipimo ninacho," alisema. "Kiko nyumbani. Ila kina magoti mabovu, kitahitaji gari."

Kumshawishi mama mkwe hakukuwa rahisi kama alivyodhani. Alifikiri bibi angerukia nafasi ile. Badala yake bibi alikunja kunjo za kanga yake na kuzikunjua, akasema hawezi kwenda kuchekwa na wanaume wenye kofia za plastiki. Ndipo alipotoa habari ambayo hata mwanawe hakuwa akiijua. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema kwa kila kitu, lakini miaka thelathini na minane alimwambia kwamba pua yake ni kiburi. Akisema nyama imeharibika, anaambiwa anajidai. Akisema kuna waya unaungua, anaambiwa anaota. Waya uliungua kweli, paa la jiko likaenda, na bado hakuna aliyemwambia kwamba alisema. Alizoea kusema na kupuuzwa mpaka ikawa anasema kwa kelele zaidi, na kelele zikamfanya aonekane mkorofi.

Mama Utando alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia tu kwamba kazini kwao naye wanaume wenye kofia za plastiki walimcheka miaka sita, na kwamba kesho gari litakuja saa mbili na nusu.

"Nisipake mafuta mazuri basi," mama mkwe alisema. "Yataniharibia kazi."

Walimwandalia meza kwenye chumba cha mwani, kati ya rafu na dirisha. Chupa sita zilizofanana, zimepashwa moto kidogo ili harufu inyanyuke, chini ya kila moja pana namba iliyofichwa. Mhandisi ndiye aliyezipanga mwenyewe, mlango umefungwa, ili hata Mama Utando asijue ipi ni ipi. Mafundi wawili wa pampu walijitokeza kushuhudia, mmoja akiwa anatafuna peremende ya mnanaa. Mama mkwe alimwomba atoke nje. Alipotoka alimwita tena, akamwambia aache na soksi zile hukohuko, kisha asimame mlangoni.

Akaanza. Chupa ya kwanza aliinusa mara moja. "Udongo. Mwingi." Ya pili akaikalia zaidi. "Hii ni maji tu. Yana ubaridi wa jiwe, lakini ni maji." Ya tatu aliisukuma mbali mara moja. "Yai viza. Nani anawapa watu haya?" Ya nne udongo tena, akasema ni ndugu wa ile ya kwanza, tumbo moja. Ya tano akainusa, akacheka kidogo, akamtazama mhandisi.

"Hii umeitoa kwenye chupa ya dukani. Imekaa kwenye plastiki, na plastiki imekaa juani. Siku mbili, tatu hivi."

Mhandisi alikuwa amenunua chupa ile njiani siku ya Jumamosi na kuisahau kwenye gari. Ya sita mama mkwe aliinusa muda mrefu kuliko zote, akakunja uso, akanusa tena.

"Ya sita ni ya pili. Mmenirudishia ileile."

Namba zikafunuliwa. Ya kwanza na ya nne zilikuwa za lango la juu. Ya pili na ya sita za lango la kati, zimechotwa kwenye ndoo moja. Ya tatu ilitoka chini kabisa, kwenye matope yanakooza majani. Fundi wa mlangoni alipiga mluzi. Mhandisi alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo, akaivaa tena na kuagiza lango la juu lifungwe kabla ya adhuhuri.

Baada ya siku mbili, na unga wa mkaa ukiwa umefanya kazi yake kwenye matangi, mwenye hoteli alipiga simu kuuliza wamefanya nini. Kwenye mabomba marefu ya mwisho wa mji harufu ilibaki siku tatu zaidi, kisha nayo ikapotea.

Lakini shina lilikuwa bado, na shina halinuswi kwenye chupa. Ilibidi mama mkwe apandishwe boti. Aliogopa maji kuliko mbwa mwenye kichaa, na jaketi la kuokolea lilimkaba chini ya kidevu mpaka akaonekana kama kobe anayechungulia. Alimshika mkamwana wake mkono kwa nguvu hivi kwamba alama za vidole zilibaki mpaka jioni. Mwendesha boti alipiga makasia, kwa sababu mama alikataza injini, moshi wake ungemtia upofu wa pua. Walizunguka kando ya bwawa, mama amefumba macho, akinyoosha kidole kila baada ya muda: huku, rudi, huku. Mwendesha boti alifuata kidole bila kuuliza. Mwenye pua haambiwi nusa.

Kidole kiliwafikisha kwenye ghuba ndogo nyuma ya mwamba, mahali maji yanapofika magotini tu na jua linapiga mpaka chini. Pale chini palikuwa pametandikwa zulia zima la kijani kilichokolea, karibu cheusi, na jua lilipolipasha, mapovu madogo ya hewa yalijikusanya chini yake na kunyanyua vipande vyake, kimoja kimoja, mpaka juu ya maji. Upepo ulikuwa ukivisukuma kuelekea mnarani, kwenye lango la juu. Mama Utando alikitia mkono kipande kimoja, akakikamua, na hata pua yake ya kawaida ikapata jibu.

Juu ya ghuba ile mtu mmoja alikuwa amefungua bustani ya miche ya maua miezi michache nyuma, na maji ya kumwagilia, yenye mbolea nyingi, yalikuwa yakiteremka kwa mfereji mpaka bwawani. Mbolea haibagui, inalisha ua na inalisha mwani. Mwenye bustani alipoona kundi la watu wenye kofia za plastiki linapanda kwake alidhani amekwisha. Alipoelezwa, alikuwa wa kwanza kushika jembe. Mfereji ukageuzwa uishie kwenye shimo lenye mchanga na matete, na zulia likakokotwa nje kwa reki, siku mbili mfululizo, mafundi wa pampu wakiwa ndani ya maji na suruali zimekunjwa, wakiteleza na kudondoka na kulaumiana. Mwenye bustani aliomba lile rundo lisitupwe, akalichanganya na majani kutengeneza mboji. Mrututu ulirudishwa ulikotoka ukiwa kwenye magunia yake.

Siku kazi ya reki ilipokwisha, mama mkwe aliomba kumwona mhalifu uso kwa uso. Mama Utando akaweka tone kwenye kioo, akarekebisha hadubini, akamwonyesha pa kuweka jicho. Mwanzoni bibi aliona kope zake mwenyewe, akalalamika. Kisha akaganda palepale, ameinama, mpaka mkamwana akadhani magoti yamemzidia.

"Zinatembea," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Hakuna anayezisukuma, na zinatembea. Na huyu wa pembeni, huyu kama mkufu wa shanga, ni nani?"

"Huyo ni mwema, mama. Ndiye niliyekuwa nikimlea kwenye ile chupa."

Mama mkwe hakutoa jicho kwenye hadubini. Mkono wake ukapapasa mezani mpaka ukaupata wa mkamwana, ukaushika, safari hii bila kuubana.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilimmwaga nikidhani ni uchafu."

"Yameisha, mama. Tutamlea mwingine."

Barua ya chumba ilifutwa kwa barua nyingine, fupi zaidi. Hata hivyo mabomba yalikuwa yameshaletwa na hayakuwa na pa kwenda, kwa hiyo nusu ya chumba ikawa ya mwani na nusu ya mabomba, na mpaka leo ni hivyo. Mabomba yamefunikwa kwa mikeka na hutumika kama mabenchi, maana mhandisi aliamua kwamba mtambo usitegemee pua moja. Likatolewa tangazo, watu thelathini wakajaribiwa, watano wakapita: mstaafu wa posta, dada mwuza manukato, mpishi wa shule, fundi yuleyule wa soksi baada ya kubadilisha soksi, na mama mmoja jirani. Kila Jumanne na Ijumaa hukaa juu ya mabomba na kunusa chupa, na mwenyekiti wao ni mama mkwe. Ni mwenyekiti mkali. Mpishi aliwahi kurudishwa nyumbani kwa kosa la kitunguu saumu.

Kuhusu kuondoka, hakuna aliyeuliza tena, na seremala alimtengenezea mama yake kitanda cha mninga chenye mto wa magoti. Dada mkubwa wa mama mkwe ndiye aliyepiga simu jioni moja kutaka kujua kulikoni, meno gani haya ya miezi sita. Mama Utando alikuwa jikoni anaosha vyombo, akasikia upande wa huku wa mazungumzo.

"Sijakwama, dada, nina kazi," mama mkwe alikuwa akisema. "Wiki hii siwezi kabisa. Mvua zimeanza, na kazini kwetu mvua zikianza mwani unabadilika. Ngoja nimwulize mkamwana wangu kama tutapata nafasi mwezi ujao." Akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akageukia jikoni. "Eti tutapata?"

Mama Utando alijifuta mikono, akaenda kutazama kalenda.